Mstari Mwekundu wa Rubona

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina ndevu, nina kitambulisho, nina kazi ya kupiga pasi mashuka katika hoteli ya ufukweni Gisenyi, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Ziwa Kivu lingepasuka siku ile mstari mwekundu kwenye kompyuta ya darasa letu la jioni utakapogusa ukingo wa juu wa kioo. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba baada ya Jumanne inakuja Jumatano. Petite Barrière nzima, pale mpakani na Kongo, iliamini, na ng'ambo, Goma, waliamini kutuzidi, maana wao mlima wa moto ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Ilisemwa kwamba mashine ile ilitoka Ulaya kwa wataalamu wa volkano, kwamba shule iliificha chini ya jina la somo la sayansi, na kwamba mwalimu wetu, mwanamke mfupi wa sweta ya kijani, alijua siku na saa ila alikatazwa kusema. Naandika huku nacheka. Kisha naacha kucheka, kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mwalimu huyo, na kwenye kilio chake nilikaa benchi moja na mwanamke ambaye kwa miaka yote hii nimekuwa nikijisifu, kwenye harusi, kwenye baa, hata kanisani, kwamba nilimwokoa.

Darasa letu lilikuwa la watu wazima walioiacha shule njiani. Tulikuwa kumi na sita, na tuliingia saa kumi na moja jioni, watoto wa mchana wakiwa wametuachia vumbi la chaki na maganda ya parachichi kwenye madawati. Shule ilikuwa imepewa kompyuta tano zilizochoshwa na ofisi fulani ya Kigali. Tano kwa maandishi. Kwa macho zilikuwa mbili na nusu. Mwalimu Dativa alitoa moyo wa hii akampa ile, akasugua meno ya vipande vya ndani kwa kifutio cha penseli mpaka mashine ikakohoa na kuamka. Feni yake ilinguruma kiasi kwamba, naapa, ndege za uwanja wa Goma zilikuwa zinanyamaza kuisikiliza. Tulikaa wanane kwa kila mashine, na mkono kwenye kipanya ulibadilishwa kila simu ya Mwalimu ilipolia. Umeme ulikuwa wa kulipia kwanza, wa cash power, kwa hiyo tulijifunza huku jicho moja liko kwenye kioo na jingine kwenye mita ya mlangoni, iliyokuwa inahesabu kushuka. Ikianza kulia, tulihifadhi kazi kwa haraka ya watu wanaotoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Hakukuwa na mtandao. Hakukuwa na maabara, wala chupa, wala tindikali. Mwalimu Dativa alikuwa amekulia Tanzania na alisema Kiswahili kilichopigwa pasi, tukimcheka kwamba anasoma habari. "Jamani," alisema jioni ya kwanza, "kompyuta isiyo na namba zenu ni televisheni tu. Tutafute namba zetu."

Namba zetu zilitoka Rubona. Pale, karibu na bandari, iko chemchemi ya maji ya moto pembeni mwa ziwa. Watu wanachemsha viazi na mayai humo, wazee wanakanda magoti. Mwalimu alinunua Goma kipimajoto kirefu cha kioo, akakifunga kwa uzi wa kuvulia samaki, akatupa utaratibu: kila Jumamosi wawili wanakwenda, wanapima mahali pamoja, mara tatu, wanaandika daftarini, na Jumatatu namba zinaingizwa kwenye mashine. Mashine inachora. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu ya fizikia, kemia na jiografia, na hadi leo sijaona nyingine iliyonuka kiberiti kwa ukweli namna ile. Nilipangwa na Mama Neema. Alikuwa mbebaji wa Barrière, anavusha kabichi na nyanya kwenda Goma mara nne kwa siku, mgongo umenyooka kama fito, na darasani alitushinda wote bila kupandisha sauti. Mimi niliandika, yeye alishika kipimajoto. Alikishika kwa vidole viwili, akainama macho yawe sawa na alama, akangoja. Angeweza kungoja mpaka samaki wakate tamaa.

"Soma basi, Mama Neema, mi moshi inaniua."

"Ngoja, kaka. Kitu haiko tayari, we unataka niseme uongo?"

Aliniambia siku ile kwa nini yuko shuleni. Pale mpakani, kila alfajiri, vijana wa afya waliovaa makoti meupe walimwelekezea kipimo cha homa kwenye paji la uso. "Kila siku mi niko upande wa kupimwa," alisema. "Nataka siku moja nikuwe upande wa kushika." Shule ya maabara ya hospitali ilikuwa imekubali kumpokea akifaulu mtihani wa taifa mwaka ule. Mwaka ule, si mwingine. Alikuwa anakaribia umri wa mwisho wanaoupokea. Kwa hiyo mtihani wetu wa watahiniwa wa kujitegemea, ambao kwangu ulikuwa sababu ya kuvaa suruali mpya, kwake ulikuwa mlango pekee. Tulikula sambaza, vidagaa vya ziwa letu, za kukaanga kwenye karatasi, tukapanda twegerane, basi dogo la kubanana, kurudi mjini, magoti midomoni, yeye akilinda daftari chini ya kitenge kana kwamba ni mtoto mchanga.

Nikifikiria sasa, uovu ulianza kwa chai. Asubuhi moja hotelini mhudumu hakuja, nikavishwa aproni ya kupeleka kifungua kinywa. Mezani walikaa wageni wawili, wahandisi nadhani, wanazungumza Kifaransa huku wanapaka siagi. Mmoja alisema chini ya ziwa iko gesi nyingi sana, na kwamba siku volkano ikiisumbua kutoka chini, ziwa linaweza kujigeuza. Mwingine akasema, bon, watu hawatapata hata muda wa kukimbia. Kisha akaomba jamu. Nilisimama na birika mkononi, chai inamwagikia sinia. Jumatatu darasani, nikiwa nyuma ya vichwa saba vilivyonizibia ukingo wa juu wa kioo, nikaona mstari mwekundu wa maji yetu ya Rubona unapanda kuelekea kulia, juma hadi juma, kama ngazi. Kichwani mwangu vitu viwili vikaoana bila mahari. Siku ya soko nikamwambia muuza miwa wa Barrière, kwa siri kubwa, kwamba kompyuta yetu inapima ziwa linavyopikwa kutoka chini. Labda niliongeza kidogo. Labda niliongeza sana.

Majuma mawili baadaye siri ilinirudia. Mwanamke mmoja kutoka Goma, anauza vitenge, alinivuta mkono. "We ni wa ile shule ya mashine? Sikia: inasemekana mustari ikifika juu, tumeisha. Wazungu wameshatoa familia zao." Niliganda. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yamevuka mpaka, yamelala Goma, yamenenepa, yamerudi na kofia mpya, na mimi sikuyatambua. Nikasema moyoni: ona, hata Goma wanajua. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilipiga pasi shuka huku nasikiliza ziwa. Lilikuwa tulivu mno, rangi ya bati, na mitumbwi ya wavuvi imesimama juu yake kama imechorwa. Usoni mwa kila mtu nilimwona marehemu. Juu ya Goma mlima uliwaka mwekundu tumboni, na mawingu yaliyopita juu yake yalikuwa kama yamechovywa.

Juma la mwisho kabla ya mtihani mita ilituishia umeme jioni tatu mfululizo. Tulichangishana, hazikutosha, Diregiteri, yaani mkuu wa shule, alisema cash power ya shule ni ya watoto wa mchana, na watu wazima wana mishumaa. Mwalimu alitufundisha kwa chaki, lakini kila jioni alisema lile somo la kuusoma mchoro vizuri lingoje mashine, maana linahitaji macho. Alhamisi umeme ukapatikana, mwembamba. Siku hiyo tangu mchana ardhi ilikuwa inatikisika. Watu walisema mara saba; mimi nilihesabu kumi na nne, nikiwemo mimi mwenyewe nilipokuwa natetemeka. Ukuta wa darasa ulikuwa na ufa unaoingia kidole. Mwalimu aliwahi kuchapisha karatasi moja moja ya mchoro ili tukajifunzie nyumbani. Wino mweusi wa mashine ya kuchapa ulikuwa umekwisha muda mrefu, hakukuwa na pesa ya mwingine. Ulibaki wa rangi. Kwa hiyo kwenye karatasi ulitoka mstari mwekundu peke yake, bila neno, bila namba pembeni, juu ya weupe mtupu. Alianza kusema jambo. Nakumbuka mdomo wake: "Msiisome bado, kesho nitawaonyesha..." Hapo meza zikaruka, feni ikazimika, tukatoka nje kwa kukanyagana. Mikononi nilikuwa na karatasi yangu. Mstari ulianzia chini kabisa kushoto, ukapanda mpaka juu kabisa kulia. Umegusa.

Ijumaa shule ilifungwa kwa sababu ya ule ufa. Alasiri nilikwenda chumbani kwa Mama Neema, mtaa wa Mbugangari. Nakiona bado chumba kile: kitanda kimoja, kalenda ya parokia, maharage yanatokota kwenye imbabura, lile jiko letu la makaa, na blauzi nyeupe ya mtihani imetundikwa mlangoni, inadondosha maji. Watoto wake wawili walikuwa wanacheza chini ya meza kwa sababu alikuwa amewafundisha kwamba pakitikisika wakae pale. Hawakuwa wanacheza mchezo wowote. Walikuwa wamekaa tu.

"Mama Neema, funga mizigo. Mstari umefika."

"Umefika wapi? Mutihani ni Jumatatu, Jado, niache nisome."

Nikamtolea karatasi. Aliifuta mikono kwenye kitenge kwanza, akaishika kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani.

"Namba iko wapi?"

"Namba zimebaki kwenye mashine. Namba za nini sasa? Tazama!"

"Mi natazama. Mustari bila namba inaniambia nini?"

"We mwanamke, unataka namba au unataka watoto?" Ndivyo nilivyosema. Nimeisimulia hadithi hii mara elfu moja na mahali hapa nimekuwa nikiweka maneno mazuri zaidi, lakini hayo ndiyo niliyosema. Nikamwambia habari za wageni wawili, na gesi, na kwamba watu hawatapata muda. Nikamwambia Goma yote inajua. Nikasema Mwalimu mwenyewe anajua, jana alitaka kutuambia akakatizwa. Wakati ule ardhi ikapiga tena, fupi, kama mtu anayegonga kwa bega. Sufuria ilihama inchi moja juu ya jiko. Mtoto mdogo hakulia. Alimtazama mama yake, akingoja aambiwe afanye nini. Nadhani ni mtazamo ule uliomshinda, si mimi.

"Yooo, Mana yangu," alisema polepole. Kisha akazima jiko kwa maji ya maharage yenyewe. "Dada yangu iko Nyabihu, kule milimani. Bon. Tunaenda kesho asubuhi. Na we?"

"Mi nakuja nyuma yenu," nikasema, na niliamini hilo pia.

Sikwenda. Jumapili ardhi ilitulia, jua likatoka, hoteli ikanihitaji, na woga wangu, ambao ulikuwa mkubwa kama kanisa kuu, ukasinyaa ukawa wa mfukoni. Nikawaza, ziwa limetupa siku mbili zaidi, basi nifanye mtihani kwanza. Jumatatu nilivaa suruali mpya. Langoni alisimama Mwalimu Dativa na sweta yake ya kijani, anatuhesabu kama kuku.

"Jado, Mama Neema yuko wapi? Namtafuta kwa simu tangu jana, haipatikani."

Nikamwambia, kifua mbele. Nikamwambia mchoro, mstari, Nyabihu, kila kitu, nikishusha sauti ili ajue kwamba siri yake iko salama kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, akaivua tena. Kengele ikalia.

"Ingia ukafanye mtihani wako," akasema. "Ingia, mwanangu. Usifikirie kitu kingine chochote."

Nilidhani ana kijicho kidogo kwamba nimewahi kabla yake. Dawati la Mama Neema lilikuwa mbele yangu, na kadi ya jina lake imebandikwa kwa gundi pembeni. Siku zote tano za mtihani niliandika nikiitazama kadi ile, nikijisemea kwamba walau yeye atakuwa hai. Dirishani ziwa lilikuwa pale pale. Lilimeta. Halikufanya lolote.

Nilifaulu, kwa alama nitakazoziita nzuri kwa kuwa hakuna anayezikumbuka. Lakini kabla matokeo hayajatoka, Diregiteri alikuwa ameshaisikia hadithi ya mashine inayojua siku ya ziwa, maana wazazi wa watoto wa mchana walikuwa wamemjia wakilia, wengine wamewatoa watoto wao shuleni. Alifunga chumba cha kompyuta kwa kufuli. Darasa la jioni halikufunguliwa tena. Mimi nilipata cheo cha mapokezi hotelini, kwa sababu ya cheti, na miaka ikapita nikiwasimulia wageni jinsi nilivyomtoa mama na watoto wawili kwenye mdomo wa ziwa. Ziwa lilibadili nia, nilikuwa nasema. Watu walicheka, waliniagizia kinywaji. Kwa Mwalimu Dativa sikwenda kamwe kumsalimia, nami sina sababu nzuri ya kuandika hapa. Anaishi karibu, nilikuwa najisemea, nitakwenda Jumapili.

Basi nikaenda alipokufa. Nyumba yake ilijaa mpaka uani, chini ya turubai la buluu, na kila mmoja wetu alipewa fanta moja ya kushika, kama inavyokuwa kwenye kilio. Mwanamke aliyekaa kando yangu alikuwa mnene kidogo, mikono yake ina mipasuko ya watu wa viazi, udongo mweusi wa milimani umeingia, hautoki kwa maji. Alinitazama muda mrefu kabla mimi sijamjua.

"Jado wa mashuka."

Nilimkumbatia kwa kelele, nikasahau niko msibani. Nikawaambia watu wa pembeni yetu: huyu mnayemwona, huyu, ni mimi niliyemtoa! Nikaanza hadithi tangu juu, birika, wageni, mstari. Wakatabasamu kwa heshima. Yeye hakutabasamu. Alingoja nimalize, akaweka chupa yake chini kati ya miguu.

"Mwalimu alikuja kule Nyabihu," alisema. "Jumamosi ile, baada ya mutihani. Alitoka kwa basi, akapanda mulima na miguu, na viatu vya shule. Alikuja na daftari yetu. Tulikaa kwa shamba ya dada, akanionyesha yote."

"Alikuonyesha nini? Mbona mimi hakunionyesha?"

"Jumatatu ile we ulikuwa unaanza mutihani. Alisema ukijua utaanguka, na mumoja amekwisha kupotea, haiko sababu ya kupoteza wa pili. Halafu alikungoja uje kumuliza."

Nje mtu alikuwa anapanga viti, chuma kwa chuma. Nilitaka aache hapo, na nadhani aliona, kwa sababu alilegeza sauti, akasema kwa upole wa mtu anayemsomea mgonjwa majibu yake.

"Maji haikupanda, Jado. Ilikuwa nusu digrii kwa mwaka muzima, na labda hiyo nusu ni macho yangu. Ile mashine inanyoosha mustari mupaka ujaze kioo, hata kama kitu haijasogea. Ulikuwa unagusa juu tangu juma ya kwanza."